Je, Tusi Usilolielewa Ni Tusi?

Ukurasa huu wa tafakari mwezi huu umetokana na jambo dogo lililompata mama mmoja wa kwaya yetu. Kwanza lilituchekesha, halafu likatuletea swali ambalo kamati ya gazeti imelijadili kwa majuma mawili bila kupatana. Mama mwenyewe ametupa ruhusa ya kulisimulia, mradi tusimtaje jina.

Mama huyo ana binti wa miaka kumi na miwili anayesoma shule ya msingi hapa makazini. Kama mjuavyo, shule za hapa Uganda hufundisha kwa Kiingereza, na watoto wetu wamekishika upesi kuliko sisi wazazi tuliosomea Kongo na Burundi kwa Kifaransa, au ambao hatukusoma kabisa. Basi kila mama alipomtuma binti achote maji au aoshe sufuria, binti alijibu kwa neno moja: "Whatever." Alilisema huku akiinua bega, kisha akaenda polepole. Mama aliona mtoto anakwenda na maji yanachotwa, akadhani neno hilo maana yake ni "sawa, mama". Akalipenda, maana ni jepesi mdomoni. Akaanza kulitumia na yeye.

Siku moja alikwenda zahanati. Muuguzi akamweleza dawa: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, asiache hata akijisikia amepona. Mama, akitaka kuonyesha kwamba amesikia vizuri, akatabasamu na kujibu, "Whatever." Muuguzi akanyamaza. Akasukuma pakiti ya dawa mezani bila kumtazama, akamwita mgonjwa mwingine. Mama akarudi nyumbani akijiuliza amekosa nini.

Ilipita miezi miwili hadi mwalimu wa darasa letu la Kiingereza alipomweleza kwamba neno hilo, likitupwa hivyo peke yake, ni kama kusema "sema utakavyo, mimi sijali". Mama hakukasirika mbele ya watu. Alisema tu, "Kumbe mtoto wangu amenidharau mwaka mzima, na mimi namwambia asante."

Ndipo ubishi wa kamati ulipoanza. Je, mama alimkosea muuguzi? Na je, mama mwenyewe alikosewa na binti yake siku zote zile alipokuwa akitabasamu?

Wengine wetu walisema dhambi hukaa moyoni, na moyoni mwa mama hamkuwa na lolote ila heshima, kwa hiyo hakukosa. Wengine wakajibu kwamba muuguzi aliumia kweli, na uchungu wake hauwezi kufutwa kwa kusema "hakukusudia". Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Mama huyu alijikwaa ulimi mahali ambapo hakujua kama kuna jiwe. Lakini aliyejikwaa gizani na kumwangukia mwenzake, hata kama hana hatia, humwinua mwenzake na kumwambia pole.

Tulikumbushana habari ya Paulo katika Matendo ya Mitume sura ya 23. Alikuwa mbele ya baraza, kuhani mkuu akaamuru apigwe kinywani, na Paulo kwa hasira akamfananisha na ukuta uliopakwa chokaa. Waliosimama karibu wakashtuka: unamtukana kuhani mkuu? Paulo akasema kwamba hakujua kuwa huyo ndiye kuhani mkuu, akaitaja sheria inayokataza kumsema vibaya mkuu wa watu. Wako wanaoamini kwamba alisema hivyo kwa kejeli, maana ni vigumu kudhani hakumtambua. Sisi tunamsoma kwa maneno yake yalivyo. Kinachotugusa ni kwamba hakusema, "Kwa kuwa sikujua, basi hakuna kilichotokea." Alikiri kwamba neno limetoka na limefika mahali lisipostahili. Wala hakusema kwamba kumpiga mshtakiwa kinywani kulikuwa haki. Kwa hiyo tulipatana angalau hapa: kutojua kunaondoa hatia, lakini hakuondoi deni.

Mama alirudi zahanati na kulilipa. Alijifunza maneno matatu manne ya Kiingereza kwa mwalimu, akaenda akaomba radhi. Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakiri, kwa haya kidogo, kwamba tangu siku ile alikuwa akisema moyoni kuwa wakimbizi wana kiburi. Tafadhali msipite hapo haraka, wapendwa. Neno moja la mama mmoja lilikuwa limegeuka hukumu juu ya watu wote wa makazi, na huenda wengine miongoni mwetu walihudumiwa kwa baridi katika miezi ile miwili bila kujua sababu.

Kiingereza kina maneno mengi ya namna hii. Hatusemi matusi ya nguoni. Hayo hata mtu asiyejua lugha huyatambua kwa macho ya msemaji. Tunasema maneno mepesi ya kila siku, yanayosikika redioni, kwenye filamu za vibandani na kwenye uwanja wa mpira. "Shut up" ni "funga mdomo", nalo ni kali kuliko "nyamaza", lakini vijana wawili wakisimuliana habari ya ajabu, mmoja hulisema neno hilo hilo kwa maana ya "acha wee, usiniambie!" "Get lost" haihusu kupotea njia, ni kumfukuza mtu: "niondokee hapa." "Mind your own business" haihusu biashara, ni "hayakuhusu". "Give me a break" haiombi likizo, ni "usinichoshe". "So what?" ni "kwa hiyo je?", na ikitoka kwa mtoto kwenda kwa mkubwa ni kofi la maneno.

Yako pia yaliyovaa kanzu nyeupe. "With all due respect" kwa maneno yenyewe ni "kwa heshima zote zinazostahili", lakini mara nyingi Mwingereza akianza hivyo ujue kinachofuata ni cha kukuponda. Na kusini mwa Marekani watu husema "Bless your heart", yaani moyo wako ubarikiwe. Hilo linaweza kuwa huruma ya kweli, au linaweza kuwa "maskini, huna akili". Ndugu yetu mmoja aliyehamia huko alituandikia kwamba miezi ya kwanza alikuwa akilijibu kwa sauti, "Amina!"

Upande wa pili, yako yanayotuudhi bure. Mtu akikuuliza "How are you?" huku anapita bila kungoja jibu, hajakudharau. Kwao hiyo ni salamu tu. Sisi tunaosimama na kuulizana habari ya nyumbani, ya watoto, ya mihogo na ya mguu ulioteguka, tunaona tumepuuzwa. Tuwaachie kidogo.

Tulipoendelea tuligundua kwamba hata neno "you" lina kisa chake. Kiingereza cha leo kina "you" moja tu, kwa mtoto, kwa mchungaji na kwa rais. Zamani walikuwa na mawili: "thou" kwa mtu wa karibu au wa chini, na "you" kwa mkubwa, kama vile "tu" na "vous" za Kifaransa ambazo wengi wetu tulichapwa shuleni kwa kuzichanganya. Katika miaka ya 1600 kule Uingereza walitokea Wakristo walioitwa Wakweka, wakiongozwa na George Fox, wakaamua kumwambia kila mtu "thou", hata mahakimu na matajiri, kwa kuwa mbele za Mungu hakuna mkubwa. Watu wakubwa waliona wametukanwa, na baadhi ya Wakweka walipigwa kwa ajili ya neno hilo dogo. Cha ajabu ni kwamba leo Mwingereza wa kawaida hulikuta "thou" hasa katika Biblia ya mwaka 1611 na katika sala za kale, akadhani ni neno la utukufu mkubwa. Lililokuwa dharau kwa hakimu limegeuka kuwa neno la ibada, na herufi zake hazikubadilika.

Kwa hiyo heshima ya Kiingereza haiko tena katika hilo "you". Imehamia kwenye "please", kwenye kuuliza badala ya kuamuru, na kwenye sauti. Mtu wa kwetu akisema dukani "unipe sabuni" hajakosa adabu, ndivyo tunavyosema nyumbani. Akiitafsiri neno kwa neno, Mwingereza husikia amri. Na tusiwacheke Waingereza, maana hata Kiswahili chenyewe kinatufanyia hivyo. Waliopitia kambi za Kigoma wanajua: kwetu Kongo ukisema "bibi yangu" ni mke wako, na Mtanzania akisikia anamtafuta bibi kizee.

Swali linakuwa zito zaidi tukifika kwenye neno "boy". Ni "mvulana" tu. Mtoto wa darasa la kwanza analijua. Lakini wazee wetu waliofanya kazi katika nyumba za Wabelgiji waliitwa "boy" hata walipokuwa na wajukuu, mpaka neno likaingia katika lugha zetu kama jina la kazi. Marekani nako mtu mweusi mzima aliitwa hivyo na mtoto wa mzungu. Mwaka 1968 wazoa taka wa mji wa Memphis waligoma, baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka mwezi wa Februari. Wagomaji walikuwa wapatao 1,300. Mabango waliyobeba yalikuwa na maneno machache tu, kwamba kila aliyelibeba ni mwanamume mtu mzima. Hawakuandika mshahara hapo, ingawa mshahara nao waliudai. Mchungaji Martin Luther King alikuwa amekwenda Memphis kwa ajili yao alipouawa tarehe 4 Aprili mwaka huo.

Tunalitaja hili kwa sababu ndugu zetu wengi waliohamishiwa Marekani, kabla nchi ile haijasimamisha kupokea wakimbizi mwezi wa Januari 2025 na kuziacha familia nyingi na safari zilizokuwa zimekwisha pangwa, wanafanya kazi katika viwanda vya nyama na kuku. Ni katika kiwanda cha kuku cha jimbo la Alabama ambako wafanyakazi wawili weusi walilalamika kwamba walinyimwa cheo, na kwamba meneja aliwahi kuwaita "boy". Mahakama ya rufaa ilisema kwamba neno hilo peke yake, bila kutajwa rangi ya mtu, si ushahidi wa ubaguzi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hoja hiyo. Ilieleza kwamba maana ya msemaji inaweza kutegemea mazingira, namna ya kutamka, sauti, desturi ya mahali na jinsi neno lilivyotumika huko nyuma. Majaji wale walisema katika mistari michache kile ambacho bibi zetu walikijua bila kwenda shule: usiniambie alisema nini tu, niambie alisemaje, kwa nani, na mbele ya nani.

Tuseme pia habari ya vinywa vyetu wenyewe, maana tumezoea kuwa waliotukanwa. Rafiki aliyepotea siku nyingi tunampokea kwa furaha: "Umenenepa!" Kwetu hiyo ni sifa, maana yake vita haikummaliza, amekula, ana watu wanaomtunza. Mpelekee mzungu maneno hayo kwa Kiingereza uone uso wake. Na mtu akijikwaa tunasema "pole", tunaitafsiri "sorry", naye anashangaa kwa nini tunaomba msamaha kana kwamba sisi ndio tuliomwangusha. Hilo la pili angalau halimuumizi mtu. La kwanza linaumiza, na kusema "kwetu ni sifa" hakumponyi aliyeumia, kama vile kusema "kwetu ni utani" kusingemponya mama yetu wa kwaya.

Sasa tufike kwenye jambo lililotushinda kupatana.

Katika makazi yetu yuko baba mmoja, mkulima kutoka Kivu ya Kusini, anayekaribia miaka sitini. Hana Kiingereza. Mwanawe wa miaka kumi na mitatu ndiye humtafsiria. Siku moja walikwenda ofisi fulani, hatutaji ipi, kwa sababu majina mawili ya familia yalikuwa yamepotea kwenye karatasi ya mgao. Walipanga foleni tangu alfajiri. Zamu yao ilipofika, baba alianza kueleza kama mtu mzima anavyoeleza, yaani tangu mwanzo: kijiji chao, usiku waliokimbia, nani alifia njiani, nani alizaliwa hapa. Karani alikuwa amechoka. Akamwambia mtoto kwa Kiingereza amwambie baba yake afunge mdomo. Kisha akaongeza kwamba "you people" mnasema sana.

Hayo maneno mawili, "you people", ni "ninyi watu" tu. Lakini aliyeyasema alikuwa amemtoa yule baba katika jina lake na historia yake, akamtupa ndani ya gunia moja na wote waliokuwa kwenye foleni.

Mtoto akamgeukia baba yake na kusema, "Baba, anasema ameelewa shida yetu, tungoje kidogo."

Baba akasimama, akaushika mkono wa karani kwa mikono yake miwili, akasema Kiingereza chote alichokuwa nacho: "Thank you, sir. God bless you."

Mtoto hakumwambia mtu. Baada ya majuma kadhaa, mwalimu wa shule ya Jumapili alipokuwa anafundisha amri ya kutoshuhudia uongo, mtoto alibaki nyuma akilia, akasema amemdanganya baba yake.

Mmoja wetu katika kamati alisema mtoto huyu ni Shemu na Yafethi, waliotembea kinyumenyume wakamfunika baba yao ili wasiuone uchi wake. Tulikubali, na wengine tulifuta machozi. Lakini mama mmoja wa kamati akauliza, "Siku ile ofisini, aliyekuwa uchi ni nani? Si baba. Baba alikuwa amevaa vizuri. Aliyekuwa uchi ni karani, na mtoto alimfunika karani." Tukanyamaza. Ni kweli. Baba hakufanya la aibu. Aibu ilikuwa ya mwingine, na uongo wa mtoto, ingawa ulizaliwa na upendo, uliificha aibu hiyo na kumwacha baba akimbariki aliyemdharau.

Mwingine akasema kwamba kumbariki anayekudharau ndiyo Injili yenyewe. Tulimjibu kwamba kubariki kwa kujua ni Injili. Kubariki kwa kutojua ni kitu kingine, hata kama maneno ni yale yale. Mtu hawezi kusamehe deni ambalo hajaonyeshwa.

Hapo ndipo swali letu la kwanza lilipoanza kupata jibu. Tulikuwa tumezoea kufikiri kwamba mzazi asiyejua Kiingereza amekingwa, kwamba tusi asilolielewa linapita juu ya kichwa chake na kupotea hewani. Halipotei. Lilimpata mtoto. Mtoto alilisikia mara mbili, mara moja kama mwana anayemwona baba yake akidharauliwa na mara moja kama mkalimani anayetakiwa kulipeleka, akayameza yote mawili akiwa na miaka kumi na mitatu. Na yule binti wa "whatever" naye lilimpata kwa njia yake: mwaka mzima alijifunza kwamba mama anaweza kudharauliwa na akatabasamu. Yeye ametuambia kwamba mwanzoni alikuwa anatania tu, lakini kufikia mwisho wa mwaka hakujua tena kama anatania. Paulo anawaambia Wakorintho, katika waraka wa kwanza sura ya 14, kwamba nisipoijua maana ya sauti nitakuwa mgeni kwake anenaye, na yeye mgeni kwangu. Tulikuwa tunaisoma kwa habari ya kunena kwa lugha kanisani. Hatukuwahi kufikiri kwamba ugeni huo unaweza kuingia kati ya mama na binti wanaolala chini ya turubai moja.

Hatumhukumu yule mvulana. Tunajiuliza sisi watu wazima kwa nini tumemfanya mtoto kuwa sikio la baba yake.

Kutokana na hayo mwalimu wa Kiingereza alipendekeza kwamba darasa lifundishe maneno haya waziwazi. Mzee mmoja wa kanisa alipinga, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema ubao ule ule Jumapili huandikwa mistari ya kukariri. Itakuwaje Jumanne uandikwe "shut up" chini ya msalaba? Tena ukimfundisha mtu jiwe, atalirusha. Mama mmoja mchuuzi wa uyoga akamjibu, "Baba mzee, mimi naijua yenye sumu yote. Ndiyo maana unakula uyoga wangu na bado unakuja mikutanoni." Watu wakacheka, lakini mzee hakushindwa kabisa. Ilipatikana njia ya katikati: matusi ya nguoni hayafundishwi, na kila neno kali litafundishwa pamoja na neno la upole linalofanya kazi ile ile. Tena wanafunzi wasijaribishiane. Sharti hilo la mwisho limevunjwa tayari. Juma lililopita bibi mmoja wa miaka sabini alimwambia mchungaji "Get lost" kwa furaha kubwa, na mchungaji alitii, akaondoka.

Swali moja limebaki mezani, nalo ni gumu: ukishalijua neno, ufanye nini nalo? Likitoka kwa mtu uliye sawa naye, mara nyingi inatosha kumuuliza taratibu amekusudia nini, maana huenda na yeye ana lugha yake ya nyumbani na Kiingereza ni cha kuazima, kama cha wengi hapa. Likitoka kwa mtu mwenye kalamu juu ya chakula chako, jambo ni jingine. Wengine wetu wanaona kunyamaza hapo ni hekima, wengine wanaona ni woga uliovaa jina la hekima. Tunachojua ni kwamba hata sheria za dunia hazioni maneno hayo kuwa madogo. Tume ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usawa kazini imewahi kutaja kauli ya kumwambia mgeni arudi alikotoka kuwa mfano wa unyanyasaji unaoweza kuvunja sheria, ukiwa mkali au ukizidi kurudiwa. Malalamiko yanahitaji mtu anayeweza kusema ni neno gani lilisemwa. Aliyeambiwa na mwanawe "anasema tungoje kidogo" hana la kuandika.

Yule mvulana, akisaidiwa na mwalimu wake wa shule ya Jumapili, hatimaye alimweleza baba yake. Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Neno lenyewe lilikuwaje?" Mtoto akalitamka kwa sauti ndogo. Baba akalirudia polepole, kama mtu anayeonja chakula cha kigeni. Akasema, "Siku nyingine uniletee lilivyo. Kukasirika au kutokasirika ni kazi yangu mimi, si yako."

Jumanne iliyofuata alikuja darasani, akakaa benchi la mbele na daftari jipya. Mwalimu alipofika kwenye "shut up" na kuliandika ubaoni, baba hakuliandika. Aliinua mkono na kuuliza jinsi ya kusema kwa Kiingereza, bila kumtukana mtu, "sijamaliza kueleza". Mwalimu akamwandikia: "Please, let me finish." Akalinakili mara saba, akalipigia mstari kwa rula.